Emutai na Osotua: Maneno Mawili ya Kuanguka na Kuinuka

Katika Kimaasai liko neno ambalo sijaona Kiswahili kikilipatia mwenziwe kamili. Neno hilo ni emutai. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kumaliza kitu hata pasisalie hata chembe, na kwetu Oloipiri, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, wazee hawalitamki ovyo. Msiba wa nyumba moja hauitwi hivyo, wala ukame wa msimu mmoja. Ni jina la kipindi maalumu, miaka ishirini hivi ya kufunga karne ya 19, ambapo Wamaasai walikaribia kufutika katika uso wa nchi.

Mfuatano wa mambo ulikuwa hivi. Mnamo mwaka 1883 homa ya mapafu iliingia katika mifugo. Kabla makundi hayajarejea hali yake, ikafika sotoka, ambayo ilikuwa imeingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuteremka kusini hadi kutufikia mnamo 1890 na 1891. Palipokuwa na ng'ombe kumi, mara nyingi alibaki mmoja. Watu waliodhoofika kwa njaa wakakutwa na ndui mwaka 1892. Na kana kwamba hayo hayakutosha, kifo cha laiboni mkuu Mbatiany, mnamo 1890 hivi, kiliwaacha wanawe wawili, Lenana na Sendeu, wakigombea nafasi yake. Wafuasi wao walinyang'anyana ng'ombe wachache waliosalia, na ugomvi huo haukwisha mpaka mwaka 1902.

Mwezi Machi 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, aliteremka na msafara wake katika kreta ya Ngorongoro. Aliandika juu ya watu waliobaki mifupa na ngozi, waliozunguka kambi yake wakingoja chochote kitakachotupwa. Kisha akaandika jambo moja ambalo wanahistoria wamelirudia mara nyingi: wazazi walimletea watoto wao wakitaka kuwabadilisha kwa kipande cha nyama, na alipokataa, waliwaficha watoto hao karibu na kambi, wao wenyewe wakaondoka.

Habari hiyo kwa kawaida hutajwa kama ushahidi wa jamii iliyofika chini kabisa, mzazi kumuuza mwana. Mimi naisoma vingine. Mzazi ambaye amenyimwa hata hiyo nyama, na bado akamwacha mtoto mahali penye moto na chakula, hakuwa akifanya biashara. Alikuwa akitafuta nyumba ya kumweka mwanawe. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kama jina la kipindi linavyosema, lakini kazi hiyo moja ya familia ilikuwa bado inaendelea, hata mbele ya mgeni ambaye hawakujua lugha yake.

Nalianza na habari hiyo kwa sababu nataka tuzungumze, ndugu msomaji, juu ya swali la zamani: je, jamii hupanda na kushuka kwa mzunguko, kama mwezi unavyokua na kupungua? Na kama ndivyo, ni nini kinachouzungusha?

Aliyelijibu swali hili kwa ukamilifu kuliko wengi ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332. Kitabu chake, Mukadima, alikiandika mwaka 1377 akiwa amejitenga katika ngome moja iliyomo katika nchi ya Algeria ya leo. Humo anaeleza kwamba watu wa jangwani na nyikani, wanaoishi kwa shida, huwa na mshikamano ambao yeye anauita asabiya. Kwa mshikamano huo huishinda miji, huimiliki, hustarehe, mshikamano hulegea, na watu wengine wa nyikani huja kuwashinda. Umri wa dola, asema, kwa kawaida ni vizazi vitatu, na kila kizazi ni miaka 40. Jumla miaka 120.

Lakini liko fungu jingine la kitabu chake ambalo halitajwi sana, nalo ndilo linalonigusa. Anapozungumzia heshima ya nyumba moja anahesabu vizazi vinne. Wa kwanza huijenga, naye anajua alichokitoa hata akaijenga. Mwana aliishi na baba yake, akaona, akasikia, ingawa kusikia si sawa na kutenda. Mjukuu hufuata kwa kuiga tu. Kitukuu hudhani kwamba heshima ile ilizaliwa naye, kwamba haikuwa na gharama, akawadharau wale ambao mshikamano wao ndio uliomweka alipo. Naye ndiye anayeipoteza. Kwa maneno mengine, mzunguko wa dola umepimwa kwa kipimo cha nyumbani: nini baba alimwonyesha mwana, na nini mwana hakumwonyesha mjukuu.

Wala si ajabu kwamba mtu huyu alihesabu hivyo. Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi, tauni kuu iliyopita ulimwenguni ilifika Tunis na kuwachukua wazazi wake wote wawili. Alikuwa yatima wa emutai ya kwao.

Washairi wa pwani nao walilijua hilo. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate, hakutuhesabia vita na mikataba. Alitupitisha ndani ya nyumba, vyumbani na madirishani, tukaona nani analala humo sasa. Aliujua ukweli ambao mpiga ramani huukosa: mji hufa ukumbini kabla haujafa ngomeni.

Huku kwetu bara magofu yako pia. Ukitoka nyanda za juu za Ngorongoro kuelekea mashariki, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, iko Engaruka. Mjerumani Gustav Fischer aliyaona magofu yake mwaka 1883, mwaka uleule wa homa ya mapafu. Louis Leakey aliyachunguza mwaka 1935, na Hamo Sassoon akachimba huko katika miaka ya 1960. Ni mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika: misingi ya nyumba juu ya matuta ya mlimani, na bondeni mashamba yenye mifereji, eneo la hekta zipatazo 2,000. Watu walilima huko tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18. Kisha wakaondoka. Yaelekea maji ya vijito yalipungua, ardhi ikachoka, na wafugaji wakasogea karibu. Kilichowapata kwa hakika hakikuandikwa, nao hawakuacha jina lao.

Hata hivyo, si mbali na Oloipiri, katika wilaya yetu hiihii, wapo majirani zetu Watemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo. Vijiji vyao ni kama Digodigo na Samunge, ile Samunge ambayo mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kufuata kikombe cha dawa. Watemi hulima kwa mifereji mpaka leo. Maji yao yana wazee wake na yana zamu yake. Kila nyumba hujua lini maji ni yake, na kabla ya zamu lazima mfereji uzibuliwe. Mtu akisimama Engaruka asubuhi na Digodigo jioni atadhani ameona kitu kimoja mara mbili, kimoja kimekufa na kimoja ki hai. Sithubutu kusema ni kwa nini huyu alikufa na yule akaishi. Nasema hivi tu: mfereji wa Digodigo haukudumu kwa sababu ulijengwa vizuri. Umedumu kwa sababu kila mwaka yupo mtu aliyemwambia mwanawe, twende tukazibue.

Sasa nirejee kwetu, kwenye neno langu la pili.

Neno hilo ni osotua. Maana yake ya kwanza ni kitovu, ule uzi unaomuunganisha mtoto na mama. Maana yake ya pili ni uhusiano wa watu wawili ambao wameahidiana kusaidiana wakati wa haja. Kwa kawaida huanza kwa zawadi ya mnyama, na tangu siku hiyo wawili hao hawaitani tena kwa majina yao. Waliopeana ng'ombe huitana pakiteng, kwa kuwa enkiteng ni ng'ombe. Waliopeana kondoo huitana paker. Waliopeana ndama huitana paashe. Kila salamu, basi, ni daftari: kila wanapoitana, deni linasomwa kwa sauti mbele ya watoto. Na deni lenyewe halina riba wala tarehe. Mwenye haja huomba kiasi cha haja yake, si zaidi; mwombwaji hutoa alicho nacho, naye hadai kurudishiwa, bali anajua mahali pa kwenda siku yake ikifika.

Tazama jinsi maneno haya mawili yanavyoelekeana. Asabiya katika Kiarabu ina mzizi mmoja na maneno ya kufunga na ya mishipa inayoushika mwili. Osotua ni kitovu. Mwarabu na Mmaasai, kila mmoja alipotaka jina la kitu kinachoshikilia jamii, alikwenda kulitafuta mwilini. Ila ipo tofauti. Mshipa hukaza kilicho ndani ya mwili mmoja. Kitovu huunganisha miili miwili. Asabiya ya Ibn Khaldun kwanza ni nguvu ya walio ndani dhidi ya walio nje. Osotua inaweza kuvuka boma, ukoo, hata kabila.

Kuvuka huko ndiko kulikowaokoa watu baada ya emutai. Familia zilizopoteza mifugo zilitawanyika kwa wakulima: kwa Waarusha chini ya Mlima Meru, kwa Wachaga, kwa Wakikuyu. Wengine walibaki huko moja kwa moja. Wengine walikaa miaka, wakalima, wakapata mbuzi, kisha mtamba, wakarudi nyikani. Mifugo ikaongezeka tena, wala si kwa sababu kulikuwa na kanuni ya mbinguni kwamba kilichoshuka sharti kipande. Waliinuka kwa sababu katika siku za neema walikuwa wameoa, wameozesha na wamepeana wanyama na watu wa mbali, na siku ya dhiki walikuwa na mlango wa kubisha.

Katika nyumba yetu ushahidi wa hayo ni neno moja. Bibi yangu mzaa baba, aliyefariki akiwa na umri mkubwa sana, aliimba wimbo wa kubembeleza watoto uliotaja migomba. Oloipiri hakuna mgomba. Ni nyanda za nyasi na migunga, na yeye hakuwahi kuishi penginepo. Wimbo aliupata kwa mama yake, ambaye katika miaka ile alipelekwa akiwa mtoto mdogo kwa nyumba moja ya Waarusha, akalelewa humo, akarudi akiwa binti wa kuolewa. Hakuna hati ya jambo hilo. Hakuna jiwe. Upo mgomba ndani ya wimbo, mahali pasipoota migomba.

Nimeyaandika haya kwa sababu mambo hayo hayajaisha kwetu. Ukame wa mwaka 2009 wazee waliufananisha na mikubwa iliyopita. Ule wa 2021 na 2022 ulitukuta ng'ombe wa baba wakiwa zaidi ya arobaini, ukatuachia kumi na mmoja. Katikati ya mwaka huohuo wa 2022, mwezi Juni, vigingi viliwekwa kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori, katika eneo ambalo kwa jumla lilikuwa kama 4,000. Kuhusu jambo hilo yamesemwa mengi, mahakamani na nje ya mahakama, na si nia yangu kuyarudia. Nachukua upande wake mmoja tu wa kihistoria. Walionusurika emutai waliporudi, nyasi zilikuwa zinawangoja. Mzunguko wowote wa kuinuka unahitaji mahali pa kuinukia.

Mdogo wangu alitaka wale kumi na mmoja wauzwe mnadani, tununue kiwanja Karatu na pikipiki ya biashara. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ng'ombe aliyekonda huteremka bei kila wiki, naye ana watoto watatu. Baba alimsikiliza jioni nzima bila kumkatiza. Kisha akasema kwamba Karatu tuna kitu kuliko kiwanja: tuna pakiteng.

Ni kweli. Miaka mingi iliyopita baba alimpa mtamba mkulima mmoja wa Kiiraqw huko Karatu, aliyemsitiri yeye na ng'ombe wake waliougua njiani. Tangu hapo huitana pakiteng, na yule mzee hulitamka neno hilo kwa lafudhi ya kwao, kwa koo, hata sisi tulipokuwa watoto tukicheka. Katika ukame ule alitutumia mahindi magunia manne. Mwaka uliofuata, binti yangu alipoanza sekondari, alimpokea nyumbani kwake. Binti anakaa huko mpaka sasa, anasoma kutwa, jioni anakata majani ya ng'ombe ambao baadhi yao ni uzao wa mtamba wa baba.

Mke wangu hakulala vizuri usiku ule wa kuagana. Aliuliza swali ambalo nadhani ndilo waliloliuliza wale wa kreta mwaka 1892: tunamweka, au tunampoteza? Maana mtoto aliyewekwa huota mizizi. Binti akipiga simu sasa huchanganya Kiswahili na maneno ya Kiiraqw, na Kimaasai chake kimeanza kulegea katika rangi za ng'ombe. Sisi tuna maneno mengi ya rangi na mabaka. Yeye anasema mwekundu, mweusi, mweupe. Kwa hesabu ya Ibn Khaldun huyu ndiye wa kizazi kinachoiga, na baada yake ni kile kinachosahau.

Lakini mila yetu iliiona hatari hiyo zamani. Marika ya Wamaasai hupokezana, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga, Nyangulo, na rika linaloinuka halilelewi na lililo juu yake mara moja, ambalo hushindana nalo. Hulelewa na lile la juu zaidi, linaloitwa olpiron, jina la kijiti cha kupekechea moto. Mwenye kuona aliruka kizazi akaenda kukaa na mwenye kuiga, ili moto usipozwe na ushindani wa walio karibu. Ndiyo maana naona faraja kwamba kila Jumapili binti hampigii mama yake kwanza. Humpigia babu yake, naye babu humuuliza habari za ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na hamruhusu kusema mwekundu tu.

Basi jibu langu kwa swali la mzunguko ni hili. Kushuka huja kwenyewe: sotoka haiombi ruhusa, mvua haidaiwi. Kupanda hakuji kwenyewe hata kidogo. Hulipwa kabla, kwa vitu vidogo vya nyumbani ambavyo siku za shibe huonekana ni hasara: mtamba uliompa mtu wa mbali, mgeni uliyemlaza, jina la undugu ulilolitumia mbele ya watoto mpaka wakalizoea. Jamii inaanguka kweli siku ambayo mzazi, akiwa na mtoto mkononi, hana nyumba nyingine hata moja anayoweza kuibishia hodi.

Nawaomba washairi na wapenzi wa lugha wafanye kazi moja. Kiswahili kina maneno yake ya namna hii: ujima, kikoa, bia, utani, amana. Tunayafundisha kama msamiati. Ulizeni nyumbani kwenu ni lipi kati yao ambalo mtu amelitumia mwaka huu kumwita mwenziwe au kumtaka msaada, na lipi limebaki kamusini tu. Hapo mtajua mpo katika kizazi cha ngapi.

Huku kwetu ng'ombe sasa ni kumi na tisa. Mmoja wao, wa mabaka, alizaa mwezi uliopita, na baba amekataa asipewe jina la rangi yake mpaka shule zifungwe mwezi Desemba. Anasema atakayelitaja yupo Karatu.